Salamu Baada ya Sifuri

Mke wangu hamsalimii mtu kabla ya sifuri. Nasema mapema ili usije ukamwona na kumdhania ana kiburi, kama nilivyomdhania mimi. Ukiingia karakana ya hospitali asubuhi, chumba cha mwisho baada ya stoo ya magodoro, utamkuta amekaa kwenye stuli, mikono mapajani, anakitazama kioo kidogo chenye tarakimu. Ukimwambia habari za asubuhi, atainua kidole kimoja. Hiyo ndiyo salamu yako kwa wakati huo. Simama usubiri, au rudi baadaye.

Kazi yake ni kupima vipimo. Hospitali ina vyombo vinavyomwonyesha sista mgonjwa anapata oksijeni kiasi gani, na vyombo hivyo vikizeeka huanza kutia chumvi kama wazee wengine, nikiwemo mimi. Mke wangu ndiye anayevikamata. Kila asubuhi huuziba mpira wa gesi huku na huku, hewa isiingie wala isitoke, halafu anakiuliza chombo: unaona nini? Chombo kizima kinatakiwa kijibu sifuri. Kikijibu kingine chochote, hakuna kazi, hakuna chai, na hakuna habari za asubuhi. Ndiyo maana karakana nzima inamwita Mama Sifuri, na yeye hajawahi kukasirika.

Mimi ni fundi cherehani. Tulikutana miaka thelathini na moja iliyopita, nilipopeleka makoti ya kazi kumi na mawili niliyokuwa nimeagizwa kushona. Nikamsalimia. Kidole. Nikamsalimia tena kwa sauti, nikidhani hajasikia. Kidole kile kile. Nilisimama na furushi begani, jasho linanitoka, huku naikodolea macho saa ya ukutani: dakika kumi na moja. Nilipandwa na hasira mpaka nikaanza kupanga maneno ya kwenda kumwambia mkuu wake. Mara tarakimu zikatulia. Akageuka, akanipa tabasamu ambalo mpaka leo sijalipatia dawa, akasema, "Haya. Habari za asubuhi."

Maneno yote niliyoyapanga yaliyeyuka. Nikajibu "nzuri", nikaacha makoti, nikasahau kuchukua sahihi ya kupokelewa mzigo. Ikabidi nirudi kesho yake. Nikasahau tena. Wiki ile nilisahau mara nne, na mara ya nne yeye mwenyewe aliniuliza kama nina ugonjwa wa kusahau au nina jambo la kusema. Nilikuwa na jambo la kusema.

Siku zile alikuwa anapima kwa sabuni. Usicheke. Alikuwa na bomba refu la kioo lenye alama pembeni, chini yake maji ya sabuni. Gesi ikipita inabeba utando mmoja mwembamba wa povu na kuupandisha bombani polepole, na yeye ameshika saa ya kuhesabia sekunde, anausindikiza kwa macho kutoka alama hii mpaka ile. Utando ukichelewa, gesi ni kidogo. Ukikimbia, ni nyingi. Watoto wetu walipokuwa wadogo niliwapeleka wakamwone mama yao kazini, wakarudi nyumbani wakiwaambia wenzao kwamba mama analipwa kwa kuchezea mapovu. Alicheka mpaka akakaa chini. Hakukanusha.

Mwaka jana ukaletwa ubao mmoja wenye upana wa sinia. Juu yake kuna kioo cha tarakimu na vijibomba vinne vimepangwa sambamba, na ndani ya kila kijibomba kimo kidude kidogo kuliko punje ya mchele. Wenyewe wanakiita kihisi. Mhandisi wa hospitali, binti wa rika la kitinda mimba wetu, mwenye mwendo wa haraka na maneno ya haraka zaidi, aliuweka mezani kwa mke wangu akasema, "Mama Sifuri, sasa sabuni ikapumzike."

Mke wangu alinuna wiki nzima. Nami nilinuna naye, maana ndiyo ndoa, ingawa sikujua tunanunia nini. Halafu siku moja alirudi nyumbani uso unang'aa, hata mkoba hajauweka chini.

"Mzee," akaniambia, "kimeona mililita hamsini."

"Nani?"

"Kihisi! Gesi kidogo vile, mililita hamsini kwa dakika, vile vipimo vyetu vya zamani havijui hata kama ipo. Hiki kimeiona. Nikapima kwa sabuni, jibu lile lile. Nikarudia mara sita, Mzee. Mara sita!"

Nikamuuliza kidude kama punje kinaionaje hewa. Akanivuta mpaka jikoni, akaniweka upande mmoja wa jiko la mkaa, yeye akakaa upande wa pili.

"Jiko ni kijiwaya kinachopata moto katikati ya kihisi. Mimi na wewe ni vipimajoto viwili. Hewa ikitulia tunaota moto sawasawa, mimi kama wewe. Hiyo ni sifuri. Sasa mtu akifungua mlango wa nyuma yako, upepo ukipita, wewe unapigwa baridi na joto lote linakuja kwangu. Tofauti ya joto langu na lako ndiyo inayosema hewa iliyopita ni kiasi gani."

"Kwa hiyo mimi ndiye wa kupigwa baridi?"

"Mfano tu, baba."

"Miaka thelathini mfano ni huo huo."

Akanirushia kitambaa cha kushikia sufuria. Usiku ule tulikula wali ulioungua, na sikumbuki kama niliwahi kula kwa furaha zaidi.

Miezi miwili baadaye kitinda mimba wetu alijifungua kabla ya wakati. Mtoto njiti, wa kike, kilo moja na robo. Nilipomwona mara ya kwanza kwenye kile kitanda chake cha joto nilishika futi yangu iliyokuwa shingoni, nikawaza kwamba koti lake halitafika hata urefu wa kiganja, na machozi yakanitoka mbele ya masista bila mimi kuyaruhusu. Lakini mtoto alikuwa mbishi. Alinyonya, akaongezeka, akalia kwa sauti iliyowaamsha wenzake wote. Wiki ya saba alikuwa na kilo mbili na ushei, nguo zimeanza kumbana. Nilimwita mchumba wangu mbele ya watu.

Kilichobaki kilikuwa kimoja tu. Alikuwa bado na mirija miwili midogo puani, ikimpa nusu lita ya oksijeni kwa dakika, na bila hiyo haendi nyumbani. Vipimo vya wodini vilikuwa vile vya kizamani, kioo chenye kijipira kinachoelea ndani, na alama yake ya chini kabisa ni hiyo nusu lita. Chini ya hapo kijipira kinalala tu, hujui kama gesi inapita au haipiti. Sista mkuu alijaribu mara mbili kuifunga kabisa. Mara zote mbili kile kidude chenye taa nyekundu mguuni mwa mtoto, kinachosoma oksijeni iliyomo kwenye damu, kilianza kupiga kelele kabla hajamaliza kukunja shuka. Mtoto hakuweza kuruka kutoka darini mpaka chini kwa mara moja. Alihitaji ngazi yenye vipandio vidogo vidogo, na ngazi hiyo ilikuwa karakana, juu ya meza ya bibi yake.

Binti yetu alimshika mama yake mkono. "Mama, uleteni huo ubao leo. Hata leo."

"Asubuhi tatu," mke wangu akajibu. "Kila kihisi kinipe sifuri asubuhi tatu mfululizo."

Nilimwambia njiani, kwa ukali, kwamba yule ni mjukuu wake, si mtungi wa gesi. Na hapo nikamtupia jambo jingine lililokuwa limenikaa rohoni: kwamba tangu mtoto azaliwe hajamsalimia. Anakwenda kila siku, anamshika kidole, anamwombea, anamfulia, lakini salamu hajampa. Mabibi wenzake wote wodini wanaongea na wajukuu wao kama kasuku.

"Bado hajafika sifuri," akasema.

Nikaongeza mwendo.

Asubuhi tatu zikapita, vihisi vyote vinne vikampa sifuri safi. Ubao ukapelekwa wodini kwa toroli, ukafungwa ukutani kwa skrubu nne juu ya vitanda, wima, nafasi yenyewe ni finyu. Sista mkuu akapiga makofi. Mke wangu akaviziba vijibomba vya ubao huku na huku, akainua kidole watu wanyamaze, akauliza sifuri kwa mara ya mwisho.

Arobaini.

Akaziba upya. Arobaini na moja. Kihisi cha pili, thelathini na tisa. Cha tatu na cha nne hivyo hivyo. Koki zimefungwa, vijibomba vimezibwa, hewa haina pa kutoka wala pa kwenda, na vidude vinasema inapita. Kwa mtoto anayetakiwa kushuka mpaka mililita hamsini halafu ishirini na tano, arobaini ya uongo ni ngazi iliyong'olewa vipandio.

Siku mbili zilizofuata sitaki hata kuzikumbuka. Mhandisi alisema ni joto la wodini, wakafungua madirisha. Mke wangu alisema ni vizibo, wakabadilisha vizibo. Walibishana kwa adabu mpaka adabu ikaisha. Nyumbani hakula. Mwanamke aliyewakamata waongo maisha yake yote alikuwa ametia sahihi kwenye waongo wanne, na mjukuu wake ndiye anayelipia. Nilimwambia ajikaze kisabuni. Akaniangalia kwa jicho ambalo nisingependa kulieleza hapa.

Siku ya tatu wakaamua ubao ushushwe urudishwe karakana, na barua iandikwe kwa waliouleta waje kuuchukua. Toroli lilikuwa limekwenda kubeba mitungi. Goti la mke wangu ni bovu. Mhandisi alikuwa na ngazi mkononi na mfuko wa spana begani. Kwa hiyo aliyebaki ni nani? Ni mimi, niliyekuja kumwona mchumba wangu na kofia ya mjukuu mfukoni. Wakanipa ubao kama ulivyo, betri inawaka, vizibo havijatolewa, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvitoa.

Nikaubeba kwa mikono miwili, umelala, kama nilivyozoea kubeba suti iliyopigwa pasi. Mke wangu akatembea kando yangu, kichwa chini. Tukapita ukumbi wa kusubiria. Ghafla akanishika kiwiko.

"Mzee, simama."

Nikasimama. Alikuwa anakitazama kioo. Sifuri. Zote nne.

"Umeufanya nini?"

"Sijaufanya kitu!" nikajitetea. Miaka thelathini na moja imenifundisha kujitetea kwanza.

Tukaendelea mpaka kwenye ngazi za kushukia. Pale ni pembamba, watu wanapishana, nikauinua ubao nikauweka begani, wima.

"Arobaini!" akapiga kelele. "Ulaze! Ulaze tena!"

Nikaulaza. Sifuri.

"Simamisha!"

Nikausimamisha. Namba zikaanza kupanda taratibu: kumi, ishirini na mbili, thelathini na tano, arobaini.

"Laza!"

Nilisimamisha na kulaza pale ngazini mara saba. Watu waliokuwa wanashuka wakarudi juu kutazama, na mama mmoja mwenye bandeji mkononi akauliza kama haya ni mazoezi ya mgongo, maana na yeye angeyataka. Mhandisi alikuwa amekaa kwenye kipandio, amejishika kichwa, anacheka na kulia kwa pamoja. Mke wangu akaketi karibu naye, goti bovu na yote, akamweleza, nami nikiwa nimesimama juu yao na mzigo wangu.

"Ndani mna njia kubwa na kijia cha pembeni, na kihisi kimo kwenye kijia. Tukikisimamisha, hewa iliyopashwa moto inapanda kwenye kijia, ya baridi inashuka kwenye njia kubwa. Inazunguka humo humo, haiendi popote. Lakini kihisi kinaiona inapita, kwa hiyo kinasema inapita. Hakijasema uongo, mwanangu. Mimi nilikiuliza sifuri kimelala mezani, halafu nikakipeleka kazini kimesimama."

Mhandisi akatoa kijitabu mfukoni, kile kilichokuja na ubao. Ukurasa wa pili kuna mchoro, na kwenye mchoro ubao umelala. Wote wawili walikuwa wameuona mara mia. Walidhani aliyechora aliulaza ili utoshee kwenye karatasi.

Napenda ijulikane, kwa kuwa haikuandikwa kwenye ripoti yoyote, kwamba ugunduzi ule ulifanyika mikononi mwangu. Mke wangu anasema mikono ni yangu ila macho ni yake. Suala hilo bado liko mezani.

Kabla ya saa sita mchana fundi seremala wa hospitali alikuwa amegonga rafu ukutani, na mke wangu amelala kifudifudi juu ya meza akiikagua kwa pima maji kana kwamba ni sakafu ya ikulu. Ubao ukalazwa. Akauliza sifuri pale pale wodini, mahali pake pa kazi, safari hii bila kumwamini mtu, hata nafsi yake. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Kisha akaniambia, "Nilikosea, Mzee," kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesema mvua imekatika. Nikamwambia nami nilikuwa mkali mno siku ile njiani. Akasema anajua. Tukamaliza.

Ngazi ikaanza kushukwa. Siku ya kwanza mia nne. Mtoto hakushtuka. Mia tatu. Mia mbili, na hapo akakaa siku mbili kwa sababu alipata mafua kidogo, nasi roho zetu mkononi. Mia na hamsini. Mia. Kila asubuhi nilipita wodini kabla ya kufungua duka, nikisoma namba kwenye kile kioo kwa sauti, na kina mama wa vitanda vingine wakawa wananiuliza na za watoto wao, mpaka sista akasema anipe koti jeupe kabisa nianze kazi. Nikamwambia koti hilo nimelishona mimi. Hamsini. Taa nyekundu mguuni ikaendelea kusoma vizuri, na mtoto akawa anapiga miayo kama mtu ambaye hajui anazungumziwa. Ishirini na tano.

Asubuhi ya kumi na mbili sista mkuu akasema, "Leo tunafunga."

Tulisimama wote kuzunguka kitanda: binti yetu na mumewe wameshikana mikono, mhandisi aliyekuja akisema anapita tu, mimi, na mke wangu mbele yetu sote. Sista akafunga koki. Kwenye kioo namba ikashuka: ishirini na tano, kumi na mbili, tano, moja. Sifuri. Akatoa mirija puani. Kwa mara ya kwanza nikaiona pua nzima ya mjukuu wangu, na ni pua yangu, maskini.

Binti yetu akafungua mdomo kusema. Mke wangu akainua kidole.

Tukanyamaza. Sista naye akanyamaza, na wodi nzima ikafuata. Mke wangu alikuwa anatazama kioo, halafu taa ya mguuni, halafu kifua kidogo kinachopanda na kushuka chenyewe, halafu kioo tena. Mimi nikatazama saa ya ukutani kwa mazoea. Dakika moja. Tatu. Sita. Kengele haikulia. Tisa. Mkwe wetu alikuwa anaikodolea macho saa ile ile. Nilitaka kumshika bega nimwambie, kijana, mimi nilisimama hivi hivi na makoti kumi na mawili, tulia.

Dakika ya kumi na moja mke wangu akashusha kidole. Akainama kitandani mpaka uso wake ukakaribia ule uso mdogo, akatoa lile tabasamu.

"Haya," akasema. "Habari za asubuhi, mke mwenza."

Mtoto akapiga chafya.